Aimé Behaeghe, Rubani wa Ziwa Tanganyika

Wanafunzi wenzetu, tukisikia ndege inapita juu ya Masisi hatushangai tena, hata watoto wadogo hawainui kichwa. Lakini ndege katika nchi yetu zilikuja kwanza juu ya vita. Mara hii tunaandika habari za Aimé Behaeghe, Mbelgiji anayetajwa kuwa rubani wa kwanza wa Afrika ya Kati.

Alizaliwa mwaka 1890 kule Kachtem, Ubelgiji, akajifunza kurusha ndege wakati zilipokuwa zingali za mbao na kitambaa. Katika Vita vya Kwanza, Wadachi wa Kigoma walikuwa na masua kubwa, Graf von Götzen, na Wabelgiji hawakuwa na ya kuishinda. Basi waliazima kwa Waingereza ndege 4 za Short, zenye miguu kama mitumbwi, za kutua juu ya maji.

Safari ya kuzileta ndiyo inayotushangaza zaidi. Zilivuka bahari mwanzo wa 1916 mpaka mto Kongo. Halafu gari la moshi, halafu masua ya mto, tena gari la moshi, tena mto, kupitia Kisangani, Kindu na Kabalo mpaka ziwani. Kila pahali reli ilipokwisha, watu walishusha mizigo yote na kuipandisha tena kwa mikono. Vitabu vinataja marubani kwa majina. Watu wale wanaitwa wapagazi tu.

Pale Mtoa mawimbi yalikuwa makali, ndege zikahamishwa ku ziwa dogo la Tungwe, lenye maji matulivu. Mwezi wa Mei Behaeghe aliruka. Tarehe 10 Juni 1916, yeye na mwenzake Collignon walivuka ziwa wakatupa mabomu juu ya Götzen bandarini Kigoma. Wabelgiji walitangaza kwamba wameipiga. Sisi tunaona sifa ile ilizidi, kwani masua haikuzama. Wadachi wenyewe ndio walioizamisha tarehe 26 Julai, walipokimbia Kigoma mbele ya majeshi yaliyokuja kwa miguu. Kwanza mafundi walipaka mashini mafuta mazito, na kweli, Waingereza waliiinua 1924, ikafanya kazi toka 1927 kwa jina Liemba, miaka mingi sana.

Nguvu ya ndege zile ilikuwa zaidi katika macho kuliko katika mabomu. Mwaka 1942 Wajapani nao walitumia ndege ya namna hiyo, iliyobebwa na masua ya chini ya maji, kupeleleza bandari ya Diego Suarez kule Madagaska kabla ya kuishambulia.

Behaeghe hakuuawa na risasi. Alishikwa na ugonjwa, akafa pale Niemba, kwenye njia ya reli kati ya Kabalo na Kalemie, tarehe 3 Desemba 1916. Alikuwa na miaka 26, na Kigoma ilikuwa imekwisha kutekwa toka Julai.