Maisha ya Leonhard Euler, kipofu aliyeandikisha aljebra

Kila siku sisi wanafunzi tunaandika f(x) kwenye ubao, na wengi wetu hatujui nani alituachia alama ile. Ni Leonhard Euler.

Alizaliwa mwaka 1707 kule Basel, inchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji, akataka mtoto afuate kazi ile ile. Lakini mwalimu Johann Bernoulli aliona akili ya kijana katika hesabu, akamwomba baba amwachilie. Baba akakubali.

Mwaka 1727 Euler alikwenda Saint-Pétersbourg, katika Urusi. Ni kule alianza kuandika f(x), na ni kule jicho lake la kuume liliharibika. Mwaka 1741 alihamia Berlin, akarudi Urusi mwaka 1766. Kisha jicho la pili nalo likaingia giza.

Je, kazi ilikwisha? Hapana! Alikuwa na mtumishi, kijana aliyejua kushona nguo tu. Euler akamtajia kitabu kizima cha aljebra, kijana akaandika. Kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1770. Na wanasema kijana yule, kwa kuandika tu, akafikia kufahamu aljebra yenyewe. Juu ya nini? Juu Euler hakuruka hata hatua moja.

Sisi, tukiombwa domeni ya fonksioni, ni kusema namba zote ambazo x inaweza kuwa, tunaangalia mchoro na kukisia. Ndivyo tunavyopoteza pointi. Tufuate hatua, kwa namba za kweli:

f(x) = √(x − 3) / (x − 5)

Kwanza, chini ya kipeuo haiwezi kukaa namba ndogo kuliko zero. Basi x − 3 ≥ 0, ni kusema x ≥ 3. Pili, hatugawanyi kwa zero. Basi x − 5 ≠ 0, ni kusema x ≠ 5. Tukiunganisha, domeni ni [3, 5[ ∪ ]5, +∞[. Imekwisha, bila mchoro.

Euler alikufa tarehe 18 Septemba 1783, na siku ile ile alikuwa bado anapiga hesabu. Yeye hakuona, lakini alifuata njia mpaka mwisho. Sisi wenye macho mawili tutajitetea namna gani?