Abebe Bikila

Abebe Bikila (kwa Kiamhari: አበበ ቢቂላ, 7 Agosti 1932 – 25 Oktoba 1973) alikuwa mwanariadha na askari kutoka nchini Ethiopia. Anajulikana hasa kama mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964. Kwa kufuata desturi ya Ethiopia, ambako mtu huitwa kwa jina lake mwenyewe, makala hii inamwita Abebe.

Maisha ya awali

Abebe alizaliwa katika kijiji cha Jato, upande wa Shewa, siku ileile ilipokimbiwa marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles. Alikuwa mtoto mdogo Waitalia walipoivamia Ethiopia mwaka 1935, na familia ikalazimika kuhama. Wazazi wake waliachana mapema; mama yake, Wudinesh Beneberu, akaolewa na mume mwingine, hivyo Abebe akakua bila baba yake mzazi nyumbani. Utotoni alicheza gena, mchezo wa jadi wa magongo ambao magoli huwekwa mbali sana, na wachezaji hukimbia umbali mrefu.

Mnamo mwaka 1952 alijiunga na kikosi cha walinzi wa Kaisari Haile Selassie mjini Addis Ababa. Katika miaka iliyofuata alikuwa akikimbia kilomita 20 kutoka vilima vya Sululta hadi mjini, kisha anarudi. Huko jeshini alionwa na kocha Msweden, Onni Niskanen, ambaye alimfundisha hadi mwisho wa mbio zake. Mwaka 1960 alimwoa Yewebdar Wolde-Giorgis, wakapata watoto wanne.

Roma 1960

Alipofika Roma alikuwa hajulikani nje ya nchi yake. Viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, na kwa kuwa alishazoea kufanya mazoezi pekupeku, aliamua kukimbia hivyohivyo.

Mbio zilifanyika jioni ya tarehe 10 Septemba ili kukwepa joto, na sehemu ya njia ilimulikwa kwa mienge. Niskanen alikuwa amemtahadharisha kuhusu Mmoroko Rhadi Ben Abdesselam, aliyetarajiwa kuvaa namba 26. Rhadi akaja na namba 185. Abebe alikimbia kwa muda mrefu akimtafuta mbele mtu wa namba 26, kumbe ndiye aliyekuwa akikimbia naye bega kwa bega.

Karibu na mwisho njia ilipita kwenye mnara wa Aksum, ambao utawala wa Mussolini uliuchukua Ethiopia na kuusimamisha Roma mwaka 1937. Hapo ndipo Abebe alipoongeza kasi na kumwacha Rhadi. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, muda bora kuliko wote uliowahi kukimbiwa wakati huo. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki. (Mnara wenyewe ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.)

Desemba mwaka huohuo maofisa wa kikosi cha walinzi walijaribu kumpindua Kaisari. Abebe, ambaye hakuhusika, alikamatwa kwa muda mfupi kisha akaachiwa.

Upasuaji na Tokyo 1964

Wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, Abebe alipatwa na maumivu makali akiwa mazoezini. Madaktari waligundua ugonjwa wa kidole tumbo, na tarehe 16 Septemba akafanyiwa upasuaji. Marathoni ilikuwa tarehe 21 Oktoba, yaani siku 35 baadaye, na wengi walidhani hataweza hata kuanza mbio. Siku chache baada ya upasuaji alikuwa amesimama tena, na kabla ya wiki kwisha alitoka hospitalini.

Tokyo alikimbia akiwa amevaa viatu. Katika nusu ya pili ya mbio alikuwa mbele peke yake, akaingia uwanjani kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, rekodi mpya ya dunia. Kisha, watazamaji wakimshangaa, alianza kunyoosha viungo kwenye nyasi kana kwamba ndiyo kwanza anajiandaa. Mwingereza Basil Heatley, aliyeshika nafasi ya pili, alifika zaidi ya dakika nne baadaye.

Kaisari alimzawadia gari dogo aina ya Volkswagen.

Mexico 1968

Mwaka 1967 aliumia msuli wa mguu katika mbio za Zarauz, Hispania, na hakupona sawasawa. Hata hivyo alikwenda Mexico kutafuta ushindi wa tatu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alianza pamoja na wenzake, lakini baada ya kilomita 17 hivi mguu ulimshinda, akatoka. Mwethiopia mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda. Ni mbio hizohizo ambazo John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani, akaumia goti, na bado akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi.

Katika maisha yake Abebe alikimbia marathoni 16 na kushinda 12.

Ajali

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 gari alilopewa na Kaisari lilimshinda na kupinduka. Alibanwa humo hadi asubuhi. Pingili ya shingo ilikuwa imehama, naye akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, ambako alitibiwa kwa miezi minane. Mikono ilirudiwa na nguvu. Miguu haikurudi tena.

Stoke Mandeville haikuwa hospitali ya kawaida. Daktari wake, Ludwig Guttmann, alikuwa ameanzisha michezo kwa wagonjwa wa uti wa mgongo, na michezo hiyo ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Abebe alijifunza upinde na mshale pamoja na tenisi ya mezani, akashiriki mashindano ya huko Julai 1970 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakushinda. Mwaka uliofuata alikwenda Norwe kwenye michezo ya walemavu, na huko, katika nchi ya theluji isiyofanana hata kidogo na kwao, alishinda mbio za kilomita 25 za sleji inayovutwa na mbwa.

Mwaka 1972 alialikwa kama mgeni wa heshima kwenye Olimpiki ya München, ambako umati ulisimama kumshangilia.

Kifo na kumbukumbu

Abebe alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ile ajali. Alikuwa na umri wa miaka 41. Alizikwa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Addis Ababa, mbele ya maelfu ya waombolezaji akiwemo Kaisari, aliyetangaza siku ya maombolezo ya kitaifa. Binti yake, Tsige Abebe, baadaye aliandika kitabu juu ya maisha ya baba yake.

Uwanja mmoja wa michezo mjini Addis Ababa una jina lake. Katika marathoni ya Roma ya mwaka 2010, miaka 50 baada ya ushindi wake, Mwethiopia Siraj Gena alivua viatu zikiwa zimebaki mita 300 hivi na kushinda akiwa pekupeku.