Jim Thorpe: alinyang'anywa medali kwa sababu ya posho

Mie nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nacheza ndondo mtaani, napewa nauli na hela ya soda. Kumbe kwa sheria za zamani hiyo tu ingetosha kunifungia milango ya Olimpiki! Ndiyo yaliyomkuta marehemu Jim Thorpe.

Jamaa alizaliwa 1887 katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Oklahoma, kabila la Sac na Fox, wenyeji wa asili wa Marekani. Alisoma Carlisle, Pennsylvania, shule ya bweni ya serikali iliyofunguliwa 1879 kwa watoto wa wenyeji hao. Walinyolewa nywele na kukatazwa kuongea lugha za kwao.

Sasa shule hiyo ilikuwa na timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kubebwa mikononi, kocha akiwa Pop Warner. Mwaka 1911 waliifunga Harvard 18-15. Msimu wa 1912 ndio ulikuwa balaa: mechi 14, walishinda 12, sare 1, wakafungwa 1. Tarehe 9 Novemba waliwafuata West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, wakawachapa 27-6. Yaani jeshi lilelile lililopigana na babu zao! Upande wa wanajeshi alikuwemo Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa rais.

Miezi michache kabla ya hapo, Thorpe alikuwa ametoka Olimpiki ya Stockholm na dhahabu mbili, ya michezo mitano na ya michezo kumi.

Januari 1913 gazeti likaandika kwamba 1909 na 1910 alicheza besiboli North Carolina kwa malipo kidogo. Wanachuo wengine walifanya hivyohivyo kwa majina ya bandia, yeye akatumia lake halisi. Medali zikachukuliwa, ingawa siku 30 za kuweka pingamizi zilishapita zamani.

Alifariki 28 Machi 1953, mfukoni hana kitu. Mwaka 1982 Kamati ya Olimpiki ikamrudishia ushindi, ila kwa kugawana na wengine. Kutambuliwa mshindi pekee ilikuwa Julai 2022. Miaka 110!

Mie kinachoniuma ni kwamba aliponzwa na ukweli wake. Angedanganya jina, pengine angezikwa na medali zake. Hebu niambieni wadau, nauli na soda vinamfanya mtu awe mchezaji wa kulipwa?