Gladstone na Hesabu za Umma

William Ewart Gladstone alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka wa 1809. Hakuwa malaika: babake alimiliki watumwa huko Karibi, na mwaka wa 1833 mwana alisimama Bungeni kumtetea. Hata hivyo, mtu huyu aliyekuwa Waziri wa Fedha mara nne na Waziri Mkuu mara nne aliacha urithi unaotuhusu hata sisi.

Zama hizo Bunge liliidhinisha matumizi kila mwaka, lakini mara nyingi halikujua fedha zilikoishia. Mwaka wa 1861 Gladstone alisimamia kuundwa kwa Kamati ya Hesabu za Umma. Sheria yake ya 1866 ikazilazimu idara zote kutayarisha hesabu, Mkaguzi Mkuu azikague, ripoti ipelekwe Bungeni, na kamati iwahoji wahusika.

Gladstone alifariki mwaka wa 1898, lakini utaratibu huo ulisafiri hadi kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010 humpa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kukamilisha ripoti, na Bunge miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua.

Kwa hivyo, mwalimu afundishapo uraia asikomee kwenye hotuba ya bajeti. Hotuba hueleza yaliyokusudiwa; ripoti ya ukaguzi hueleza yaliyotendeka. Waziri asiyeulizwa juu ya haya ya pili, yale ya kwanza atayatangaza apendavyo, na atakayelipa ni mwananchi.