Daktari wa Jicho Moja

Siku hizi uvimbe ukijificha kwenye kongosho, daktari hupitisha kooni mpira mwembamba wenye kamera, akatazama, akachukua kinyama cha kupima. Kwa sisi wa Kifaru, kipimo hicho ni nauli na malazi ya mjini kwanza. Ndiyo maana namwandikia msomaji habari za Denis Burkitt, aliyeisaka saratani bila mitambo hiyo.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 jiwe lilimpofua jicho la kulia. Chuoni alianza na uhandisi, akahamia udaktari, akawa mpasuaji. Aliomba kazi ya serikali ya kikoloni akakataliwa, kisa jicho. Hakukata tamaa. Mwaka 1946 alifika Uganda, baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, kule Jinja, akakuta mwingine wa hivyo hivyo, tena ana uvimbe tumboni. Akafukua mafaili ya hospitali: kumbe ni saratani moja, inaua watoto haraka, na kisu hakiiwezi.

Akatuma karatasi zenye picha kwenye hospitali za Afrika, akiuliza nani ameiona. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakazunguka wiki 10, kama kilomita 16,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini. Ramani ikajichora yenyewe: ugonjwa uko kwenye joto na mvua, nyanda za juu zenye baridi hauonekani. Mpare anaelewa upesi; huku bondeni mbu wanatutafuna, wenzetu wa Usangi wanavaa sweta. Kweli, ramani ile ilifanana na ya malaria.

Vinyama kutoka Uganda vilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakagundua ndani yake kirusi, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Burkitt naye alijaribu dawa, na watoto kadhaa wakapona kabisa kwa dozi chache tu.

Alifariki mwaka 1993. Kamera tunazihitaji, jamani, na tuzidai. Ila anayesubiri kamera ndipo aanze kuuliza maswali, amechelewa.