William Taft, rais wa Marekani aliyesinzia kazini: huenda ulikuwa ugonjwa

Alikuwa rais wa 27 wa Marekani, na alilala popote. William Howard Taft, aliyeongoza nchi hiyo kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, alisinzia kanisani, kwenye mazishi, akicheza karata, hata ndani ya motokari ya wazi huku watu wakimtazama barabarani. Viongozi wa bunge walikuja kuongea naye mambo ya serikali, na katikati ya mazungumzo kichwa kikaanguka kifuani. Archibald Butt, afisa wa jeshi aliyekuwa msaidizi wake, alikuwa anakohoa kwa nguvu ili bosi aamke bila kupata haya. Butt aliandika mengi kuhusu usingizi huo katika barua zake, kabla ya kufa katika ajali ya meli Titanic, Aprili 1912.

Taft alizaliwa tarehe 15 Septemba 1857 huko Cincinnati, jimbo la Ohio. Alisomea Chuo Kikuu cha Yale, akawa avoka, kisha jaji, gavana wa Ufilipino na waziri wa vita. Mtu mvivu hafiki huko. Ndiyo maana sifa ya uvivu aliyopewa baadaye ni ngumu kuiamini.

Uzito wake ulimsumbua mapema. Mwaka 1905 alimwandikia munganga wa London, Nathaniel Yorke-Davies, aliyempangia chakula kwa njia ya barua. Alipunguza karibu kilo 27, halafu zote zikarudi, na zingine juu yake. Akiwa rais alifikia kilo zaidi ya 150. Hadithi kwamba alikwama ndani ya bafu haina ushahidi wa kutosha. Lakini bafu kubwa alitengenezewa kweli: ipo picha ya wanaume wanne wameketi ndani yake.

Mwaka 2003, munganga wa moyo John Sotos alichapisha utafiti kuhusu Taft. Alikusanya dalili zilizoandikwa na watu wa wakati ule: mwili mnene, kukoroma sana, kusinzia mchana, na tansio iliyofika 210, wakati ya mtu mzima mwenye afya ni karibu 120. Kwake, dalili hizo zinaelekea ugonjwa mmoja, apnea ya usingizi. Hakuna anayeweza kumpima marehemu, lakini hoja yake ina nguvu.

Ugonjwa huo unafanya kazi hivi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa mwenye mafuta mengi shingoni, njia ya hewa inaziba kabisa. Pumzi inasimama sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka katika damu, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo tu ili avute hewa kwa kishindo. Kisha analala tena. Inaweza kutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja, na asubuhi mwenyewe hakumbuki kitu. Anayejua ni yule wanayelala naye chumba kimoja. Kila mshtuko unapandisha tansio, moyo unachoka, hatari ya kupooza inaongezeka. Mchana mwili unadai usingizi wake, hata kama mtu yuko kwenye usukani. Kwetu mtu mnene anayekoroma huchekwa tu, au husifiwa kwamba anakula vizuri. Kumbe angefaa kupimwa.

Wanganga wa Taft hawakuwa na jina la ugonjwa huo. Ulielezwa vizuri na watafiti wa Ufaransa na Ujerumani mwaka 1965, na mashini ya kusukuma hewa puani usiku ilibuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, Australia, mwaka 1980.

Bibi yake, Nellie, ndiye aliyetamani sana aingie Ikulu; yeye mwenyewe alipenda zaidi mahakama. Mwezi Mei 1909, miezi miwili tu baada ya kuapishwa, Nellie alipata kiharusi kilichomwondolea usemi kwa muda. Huzuni hiyo na mzigo wa kazi vilikwenda pamoja na kula kupita kiasi. Katika uchaguzi wa 1912 alishinda majimbo mawili tu, Utah na Vermont. Kusema usingizi ndio ulimwangusha ni kuzidisha: ugomvi wake na rafiki wa zamani, Theodore Roosevelt, ulitosha.

Alipotoka madarakani, alipunguza tena kilo zaidi ya 27 ndani ya mwaka mmoja, na safari hii hazikurudi. Usingizi wa mchana ukaisha na tansio ikashuka. Mwaka 1921 akapata kazi aliyoiota maisha yote, Jaji Mkuu wa Marekani. Hakuna mwingine aliyewahi kushika vyeo vyote viwili. Kwa miaka karibu tisa aliongoza mahakama kwa bidii, akalishawishi bunge litoe pesa za kujenga jengo lake la pekee, na mara nyingi alikwenda kazini kwa miguu.

Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa umeharibika. Alijiuzulu Februari 1930 na kufa tarehe 8 Machi mwaka huo, akiwa na miaka 72. Mwaka uliofuata, daraja moja la Washington alilozoea kulipita kwa miguu lilipewa jina lake.