Daktari Haldane na Wapiga Mbizi

Baadhi ya wenzetu hudhani kwamba cheti ni karatasi tu ya kumwonyesha tajiri ili mtu aandikwe kazi. Mimi sikubali. Napenda kuwasimulia kwa ufupi maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake yaonyesha kwamba cheti chaweza kulinda roho ya mtu.

John Scott Haldane alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1860. Alisomea udaktari mji huo huo, akahitimu mwaka 1884, kisha akafanya kazi Oxford. Jambo alilolishughulikia zaidi ni hewa: hewa ya migodini, ya mifereji ya maji machafu na ya nyumba za maskini. Mara nyingi alivuta hewa mbaya yeye mwenyewe apate kujua madhara yake. Ndiye aliyeshauri wachimbaji wachukue ndege wadogo migodini, maana ndege huzidiwa na sumu kabla ya mtu.

Zamani hizo wapiga mbizi walivaa kofia ya shaba, na hewa ilipelekwa chini kwa pampu. Wengi walimaliza kazi salama, lakini walipofika juu walishikwa na maumivu ya viungo, wengine wakapooza au wakafa. Mfaransa Paul Bert alikwisha eleza sababu mwaka 1878. Uzito wa maji husukuma naitrojeni ndani ya damu; mtu akipanda upesi, hiyo naitrojeni hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa. Lakini ni kwa kipimo gani mtu apande? Hapo palikuwa na giza.

Haldane alianza kazi hiyo mwaka 1905 kwa ajili ya Jeshi la Maji la Uingereza. Aliwatia mbuzi katika chumba cha chuma chenye hewa iliyoshindiliwa, akaona kwamba mgandamizo ukipunguzwa nusu upesi, hawadhuriki. Basi mtu aliye futi 99 chini ya bahari angeweza kupanda mpaka futi 33, kisha apande kidogo kidogo, akisimama na kungoja. Mwaka 1906 Luteni Damant alizama futi 210 katika bahari ya Scotland, akarudi mzima. Jedwali lao lilichapishwa mwaka 1908.

Faida yake ilionekana upesi. Meli Laurentic ilizama karibu na Ireland mwaka 1917 ikiwa na vipande 3,211 vya dhahabu. Damant na wapiga mbizi wake walifanya kazi hapo mpaka mwaka 1924, wakatoa vipande 3,186, wala hakufa hata mmoja wao.

Haldane alifariki Oxford mwaka 1936. Majedwali yamesahihishwa tangu hapo, lakini kupanda kwa vituo kumebaki. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1997, hakuna aruhusiwaye kuzama kwa kazi bila cheti cha mafunzo yaliyokubaliwa, pamoja na hati ya daktari isiyozidi miezi 12.

Basi, ndugu zangu, naona haifai kununua cheti wala kukipata kwa kuiba majibu. Mwalimu aweza kudanganywa, lakini maji hayadanganyiki. Mtu asiyejua asimame wapi na kwa dakika ngapi hataokolewa na karatasi iliyo mfukoni mwake.